Nani Alilipa? Shajara ya makala ya sauti kuhusu Little Simz

12 Januari

Kazi imeanza rasmi. Tunatengeneza makala ya sauti ya Kiswahili, sehemu nne, kuhusu maisha na kazi ya Simbiatu Ajikawo, rapa wa London ambaye dunia inamjua kwa jina la Little Simz. Wasikilizaji wa kwanza watakuwa mabinti wa darasa letu la kuchana la Jumamosi, hapa Temeke, na baadaye tutaipeleka kwa redio yoyote ya jamii itakayoipenda. Mabinti hawa wana mistari mikali na madaftari yaliyojaa. Wanachokosa ni habari kamili ya mwanamke aliyefika mbali huku kazi yake ikibaki mikononi mwake, yaani habari inayosema pia kazi hiyo iligharimu nini.

Nimemchagua Simz kwa sababu njia yake inafuatilika. Lebo ni yake, tarehe zinajulikana, na pale hesabu zilipomwelemea alisema hadharani badala ya kujificha nyuma ya picha za jukwaani. Sitaki kabisa makala ya "alianza kwa tabu, leo ni nyota". Za namna hiyo tunazo za kutosha, na binti anayezisikiliza hatoki na kitu cha kufanya kesho yake asubuhi.

Uamuzi wa leo: hatutatumia nyimbo zake. Kibali cha rekodi na kibali cha utunzi ni vitu viwili, vinaombwa kwa watu tofauti, na sisi hatuna fungu la kulipia hata kimoja. Muziki wa makala utatoka kwa binti mmoja wa darasani anayetengeneza biti kwenye kompyuta ya kaka yake. Maana yake maandishi yetu itabidi yafanye kazi mara mbili: msikilizaji aisikie ngoma kupitia maneno.

17 Januari

Rasimu ya sehemu ya kwanza ipo. Inaanzia Islington, kaskazini mwa London, alikozaliwa tarehe 23 Februari 1994 na wazazi Wayoruba kutoka Nigeria. Islington ni mtaa ambao nyumba za matajiri na maghorofa ya serikali za mitaa zinatazamana barabara moja. Hapo Upper Street palikuwa na klabu ya vijana ya St Mary's, na ndiko Simbi, kama wanavyomwita nyumbani, alikopita utotoni: kucheza, kuigiza, kisha kuchana.

Klabu hiyohiyo ilipitiwa na Leona Lewis na Alexandra Burke. Hawa wawili walishinda shindano la televisheni la X Factor, Lewis mwaka 2006 na Burke mwaka 2008, wakaingia moja kwa moja kwenye mikataba ya lebo kubwa. Nimeliweka jambo hili mapema kwenye makala kwa makusudi. Mlango mmoja, njia mbili. Sidharau njia ya televisheni, ila nataka msikilizaji ajue tangu mwanzo kwamba Simz aliiona kwa macho yake, akiwa mtoto wa mtaa uleule, na bado akachukua nyingine.

Niliwasomea mabinti rasimu hii leo. Walikaa kimya vizuri, kisha mmoja wao, mdogo kuliko wote, akanyoosha mkono.

"Dada, hiyo klabu nani alikuwa analipa?"

"Unamaanisha ada?"

"Ada, umeme, mwalimu. Vyote. Nani alilipa?"

Nikamjibu ninachokijua: klabu za vijana za London ziliishi kwa fedha za halmashauri, makanisa na mashirika ya hisani. Na tangu bajeti za halmashauri zilipoanza kukatwa mwaka 2010, karibu theluthi moja ya klabu hizo zilikuwa zimefungwa kufikia 2019. Binti aliandika kwenye daftari lake, akapiga mstari chini.

Nimerudi nyumbani na swali lake likiwa ndiyo uti wa mgongo wa makala. Kila sehemu sasa italijibu.

20 Januari

Nimeandika upya sehemu ya kwanza nikilifuata swali hilo, na imekaa vizuri zaidi. Picha ya "msichana aliyefanya yote peke yake" imeondoka. Kujitegemea kwa Simz kulianza mahali ambapo watu wazima walikuwa wamelipa kodi ya ukumbi, wakawasha taa na kumwachia kipaza sauti. Sioni kwamba hilo linampunguzia chochote. Linawaonyesha wenye halmashauri zao, za London na za kwetu, fedha ya ukumbi wa vijana huzaa nini baada ya miaka 15.

Uigizaji nimeupitia haraka: tamthilia ya watoto ya BBC mwaka 2010, nyingine ya vijana kwenye kituo cha televisheni cha E4 mwaka 2013, na kuanzia 2019 hadi 2023 nafasi ya Shelley kwenye Top Boy ya Netflix. Ni kazi nzuri, na kwa msanii asiye na lebo ya kumlipia, kazi ya pili inayoleta mshahara si jambo dogo. Lakini hii ni makala ya rapa.

26 Januari

Sehemu ya pili ndiyo ngumu, na nimeikalia wiki hii yote. Inahusu miaka ya 2010 hadi 2016, miaka ambayo magazeti huiruka kwa sentensi moja.

Stratosphere, mikstepu yake ya kwanza, yaani mkusanyiko wa nyimbo usio albamu rasmi, ilitoka mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 16. Ya pili ya jina hilo ikafuata 2011. Mwaka 2013 zikatoka XY.Zed na Blank Canvas, na hii ya mwisho ilitambulishwa kwenye tovuti ya Jay-Z. Mwaka 2014 ukaanza mfululizo wa EP, yaani rekodi fupi kuliko albamu, za AGE 101: Drop. Halafu Septemba 2015, akiwa na miaka 21, albamu ya kwanza kamili: A Curious Tale of Trials + Persons, chini ya lebo yake mwenyewe, Age 101. Mwaka huohuo rapa wa Marekani Kendrick Lamar alimsifu hadharani kuwa huenda hakuna anayemfikia kwa wakati ule.

Ukizipanga hivi unaona kitu: alikuwa na rafu nzima ya kazi kabla hajauza albamu moja. Alijifunza hadharani, kazi kwa kazi, na wasikilizaji wake walikua naye. Lebo kubwa zilimwita, akakaa nazo mezani, akaondoka bila kusaini.

Hapa ndipo ilibidi nieleze mkataba wa lebo unavyofanya kazi, kwa sababu bila hilo "hakusaini" inabaki neno la kujisifu tu. Nimeandika hivi, na nitaliacha hivyo:

Lebo inakupa fedha ya kuanzia. Si zawadi. Studio, video, matangazo, hata suti ya siku ya uzinduzi, vingi vinaandikwa upande wako wa daftari, na vinakatwa kwenye fungu lako la mauzo mpaka deni liishe. Likiisha, masta, yaani zile rekodi zenyewe, kwa kawaida zinaendelea kuwa mali ya lebo kwa miaka ambayo mkataba umetaja, pengine milele. Msanii mwenye lebo yake anageuza daftari hilo. Gharama zote ni zake tangu siku ya kwanza. Hasara ni yake. Masta nazo ni zake, na kesho zikitafutwa kwa ajili ya filamu au tangazo, simu inaita kwake.

Fundi wetu wa sauti, ambaye amerekodi wasanii wa mtaani kwa muda mrefu, alilisoma akatikisa kichwa. "Andika na hili, dada," akasema. "Huku kwetu wengi hawajasaini na lebo yoyote, lakini masta zao ziko kwenye kompyuta ya prodyuza, na karatasi hakuna." Nimeliandika. Msanii wa namna hiyo hana lebo, na hajitegemei pia.

31 Januari

Nimemaliza sehemu ya pili kwa Stillness in Wonderland, albamu ya Desemba 2016. Naipenda sana sehemu hii ya hadithi. Albamu iliambatana na kitabu cha katuni, na Februari 2017 Simz akaandaa tamasha lake mwenyewe Roundhouse, ule ukumbi mkubwa wa duara wa Camden ambao zamani ulikuwa karakana ya treni. Fikiria: rapa wa miaka 22, hana lebo kubwa nyuma yake, anakodi Roundhouse na kuijaza ulimwengu alioubuni kichwani.

Mauzo hayakuwa ya kutikisa. Mabinti waliuliza kama alikata tamaa, na jibu la kweli ni kwamba albamu iliyofuata imejaa uchovu na hasira ya miaka ile. Ila hakuacha. Alizunguka na Gorillaz, kundi kubwa la Uingereza, akifungua shoo zao, akachana kwenye wimbo wao mmoja, akarudi studio.

5 Februari

GREY Area. Machi 2019, nyimbo 10, dakika 35 hivi. Nimeisikiliza tena usiku wa leo kwa vipokea sauti, taratibu, nikiandika kila ninachosikia, kwa sababu lazima tuieleze bila kuipiga.

Ngoma za kweli, zimepigwa kwa mikono. Besi chafu, nzito, iko mbele kabisa, karibu na sauti yake. Filimbi inapita juu. Yeye mwenyewe hapandishi sauti kwa kelele. Anaibana mistari, anatamka kila herufi, na pumzi anaivuta pale ambapo hukutarajia. Prodyuza ni Inflo, waliyefahamiana tangu utotoni kule kaskazini mwa London. Cleo Sol anaimba, Chronixx wa Jamaika yumo, na wimbo wa kufungia una Michael Kiwanuka.

Hapo kwa Kiwanuka nimetua kidogo. Wazazi wake ni Waganda waliokimbia utawala wa Idi Amin. Yeye kazaliwa London. Mwaka 2020 alishinda Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka ya Uingereza na Ireland, kwa albamu ambayo Inflo naye aliitengeneza. Ukiwaweka pamoja, mtoto wa Wanigeria na mtoto wa Waganda, na prodyuza wa nyumbani kwao, unaona kundi dogo la watu waliokuwa wakikopeshana vipaji katika studio zilezile. Simz hakuwa na lebo kubwa, ila alikuwa na watu, na watu hao waligeuza muziki wa Uingereza wa miaka hiyo.

GREY Area iliingia kwenye orodha fupi ya Mercury 2019, na mwaka 2020 ikapata tuzo ya Ivor Novello ya albamu bora, ambayo hutolewa kwa ajili ya utunzi. Kwa maoni yangu hiyo ya pili ndiyo nzito kwa rapa.

Mei 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa ajili ya korona, alirekodi Drop 6 nyumbani kwake. Nyimbo tano. Nimewasomea mabinti kipande hiki kwa simu, na yule mwenye kompyuta ya kaka yake akasema tu, "Mimi nayo hiyo naweza."

12 Februari

Leo tumerekodi ufunguzi wa sehemu ya tatu, ile ya Sometimes I Might Be Introvert, albamu ya Septemba 2021 ambayo herufi zake za kwanza zinalitaja jina lake, Simbi. Nyimbo 19, zaidi ya saa nzima, na iliingia ya nne kwenye chati ya albamu ya Uingereza. Inaanza na ngoma za gwaride, tarumbeta zinapasuka, kwaya inapanda, na inabidi usubiri mpaka yeye afungue mdomo. Msimulizi wetu alijaribu kukisoma kipande hiki kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, tukakirudia. Mara ya mwisho alikisoma polepole, karibu kunong'ona, na ghafla ngoma zikasikika. Hicho ndicho tulichokihifadhi.

Ndani ya albamu hiyo kuna wimbo kuhusu baba ambaye hakuwepo. Nimeutaja kwa sentensi mbili tu. Alichotaka kukisema alikisema mwenyewe ndani ya wimbo, nami sioni sababu ya kwenda kuchimba zaidi kwenye nyumba ya mtu.

14 Februari

Mwaka 2022 umekula sehemu nzima ya tatu, na nimeuacha ule.

Februari 8, tuzo za Brit, zile kubwa za muziki za Uingereza, zinampa Msanii Mpya Bora. Mpya! Miaka 12 tangu mikstepu ya kwanza. Alipanda jukwaani na mama yake, akazungumza kuhusu kufanya kazi kwa bidii bila kujali umetoka wapi. Nimewaonyesha mabinti picha za video. Walimtazama mama kuliko walivyomtazama binti, jinsi alivyosimama pembeni akiwa hajui mikono aiweke wapi, na mmoja akasema, "Huyu ndiye aliyelipa." Nimemwomba aseme sentensi hiyo kwenye kipaza sauti, itaingia kwenye makala kwa sauti yake.

Aprili ya mwaka huohuo, wiki chache baadaye, Simz anatangaza kufuta ziara yake ya Marekani. Sababu aliitoa mwenyewe: kama msanii wa kujitegemea, kila kitu cha shoo zake anakilipia kutoka mfukoni, na mwezi mmoja wa kuzunguka Marekani ungemwacha na pengo kubwa la fedha, wala hakuwa tayari kujitia kwenye msongo huo wa akili.

Hapo tukaacha kusoma, tukaenda ubaoni. Niliwaambia waandike upande wa kushoto kila kinachogharimu ziara. Wakaanza na tiketi za ndege. Kisha bendi, maana muziki ule haupigwi kwa kubonyeza kitufe. Viza za bendi. Fundi wa sauti, fundi wa taa. Basi, dereva, mafuta. Hoteli. Chakula cha watu wote, mara tatu kwa siku. Bima. Kukodi vyombo. Meneja wa ziara. Mtu wa kuuza fulana. Upande wa kulia, wa mapato, paliandikwa: malipo ya shoo, fulana. Binti aliyeshika chaki akasubiri kitu cha tatu, hakuna aliyekitoa.

"Sasa lebo kubwa ingelipa hivi vyote?" mmoja akauliza.

"Ingeweza kutanguliza fedha," nikamwambia, "halafu ikazikata mbele ya safari, mdogo wangu."

Oktoba 18, ukumbi wa Hammersmith Apollo. Sherehe ya Mercury ilikuwa ifanyike Septemba 8, ikaahirishwa siku hiyohiyo Malkia Elizabeth alipofariki. Simz anashinda. Zawadi ni pauni 25,000. Ndani ya mwaka mmoja: tuzo ya taifa, ziara iliyofutwa kwa kukosa fedha, na tuzo ya albamu bora ya Uingereza na Ireland. Nimekataa kulipanga kwa namna ya kwamba ushindi wa Oktoba ulifuta hesabu ya Aprili. Haukuifuta. Vyote viwili ni kweli kwa mtu mmoja, na ndiyo sababu nikaitaka makala hii.

19 Februari

Kuna jambo sikutaka kuliruka, hata kama linachosha kusikiliza. Albamu zake za miaka hiyo zilisambazwa kupitia AWAL, kampuni ya kuwasambazia kazi wasanii wanaobaki na masta zao. Mwaka 2021 Sony ilikubali kuinunua AWAL, pamoja na biashara nyingine moja ya Kobalt, kampuni iliyokuwa ikiimiliki AWAL, kwa dola milioni 430, na mamlaka ya ushindani ya Uingereza ikaupitisha ununuzi huo Machi 2022. Kwa hiyo msanii wa kujitegemea anaweza kulala akiwa na msambazaji mdogo na kuamka msambazaji huyo akiwa mali ya kampuni kubwa, na yeye hakusaini kitu kipya.

Je, hapo bado anajitegemea? Tulibishana na fundi kwa muda. Msimamo wangu, na ndio utakaosikika: ndiyo, kama masta ni zake na mkataba wa kusambaza una mwisho. Swali la kumuuliza msanii yeyote ni nini kinarudi kwake mkataba ukiisha. Nimempa fundi nafasi ya kusema upande wake pia, kwa sauti yake, maana hoja yake kwamba mwenye barabara ndiye anayepanga nauli si ya kupuuzwa.

23 Februari

Sehemu ya nne. NO THANK YOU ilitangazwa Desemba 2022 na ikatoka siku chache tu baadaye, bila mbwembwe. Nyimbo 10, na nyingi zinaizungumzia biashara ya muziki yenyewe: mikataba, watu wanaokula kabla ya msanii, akili inayochoka. Baada ya mwaka ule, hii ndiyo albamu niliyoitarajia, na bado ilinishtua kwa jinsi ilivyo wazi. Drop 7 ikaja Februari 2024. Juni ya mwaka huo akapanda jukwaa kuu la Glastonbury, tamasha kubwa la muziki la Uingereza, lile jukwaa la Pyramid.

Lotus ilitoka Juni 2025, na prodyuza si Inflo tena, ni Miles Clinton James. Mwaka huohuo ilijulikana kwamba Simz amemfikisha Inflo mahakamani kwa madai ya fedha. Tumejadili kama tuliweke. Nimeliweka kwa maneno machache: urafiki wa utotoni ulizaa muziki mkubwa, kisha ukafika mbele ya hakimu, na kuamua nani anamdai nani si kazi yetu. Sikuongeza tetesi hata moja. Lakini mabinti wanaofanya kazi na marafiki zao, na ndivyo wote wanavyofanya, wanastahili kujua kwamba hata kwa rafiki karatasi inaandikwa.

Juni hiyohiyo Southbank Centre ya London ilimkabidhi tamasha la Meltdown alipange yeye: nani apige, lini, ukumbi upi. Kutoka kipaza sauti cha klabu ya Upper Street mpaka kuwapangia wengine jukwaa. Hapo ndipo simulizi yetu inaishia, kwa kuwa yeye bado anafanya kazi na sisi hatuna haki ya kumfungia hadithi.

27 Februari

Sehemu zote nne zimerekodiwa. Kilichobaki ni kusawazisha sauti ya sehemu ya tatu, kelele za pikipiki zimeingia kwenye kipande cha ubaoni na fundi anasema zinatolewa. Redio mbili za jamii zimeomba kusikiliza kabla ya kukubali. Binti wa biti ameleta tano, tumechukua tatu, na ile ya ngoma peke yake ndiyo ya kufungulia.

Leo tumesaini naye karatasi ya ukurasa mmoja, mama yake akiwa shahidi kwa kuwa binti hajafikisha miaka 18. Biti ni mali yake, faili zote anazo yeye kwenye flashi yake, nasi tumepewa ruhusa ya kuzitumia kwenye makala hii tu. Redio ikitaka kuzitumia kwa kipindi kingine, itamtafuta yeye. Nakala moja wameondoka nayo, nyingine iko kwenye faili la mradi. Sehemu ya kwanza itasikika darasani kesho.